Dakika Mbili za Fundi Cheche

Mguu ulipoanza kukakamaa, mke wa Cheche hakupiga kelele. Aliuma ncha ya shuka, akamtazama mumewe, na Cheche akajua la kufanya. Aliushika unyayo kwa mikono yote miwili, akavisukuma vidole vielekee juu, akauegemea kwa uzito wake wote mpaka msuli ulipoanza kulegea. Mikono yake ilikuwa ya kuchomelea vyuma, yenye makovu madogo madogo ya moto, na kazi hiyo iliiweza. Sista alikuja akapunguza mwendo wa mashine. "Vumilia mama, tunamalizia," alisema, ingawa saa ya ukutani ilionyesha wazi kwamba bado sana.

Chumba kilikuwa na mashine nne za kusafisha damu, na mojawapo ilikuwa na tabia ya kulia hovyo bila sababu. Dirisha lilikuwa moja tu, tena halifunguki. Kila Jumanne na Ijumaa walikutana humo wagonjwa walewale, juu ya vitanda vilevile, na kwa kuwa kila mmoja alikwisha kumwona mwenzake akitapika, hapakubaki cha kuoneana haya. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba wa kuhesabika mbavu, ambaye figo zake zilimtupa mkono mwezi uleule na za mke wa Cheche. Kwa sababu hiyo waliitana pacha.

"Pacha, usiling'ate shuka la serikali," Mwalimu alisema. "Watakufungulia kesi."

"Na wewe acha kuhema kama unapanda ngazi. Utatumalizia hewa."

Walicheka, kicheko cha watu wasio na nguvu za kukimaliza. Halafu Mwalimu akageukia jambo lililokuwa likimkosesha usingizi wiki nzima. Kesho yake Kamati ya Bunge ingefika katika ukumbi wa halmashauri kukusanya maoni ya wananchi kuhusu muswada wa huduma za afya. Muswada wenyewe hakuna mtaani aliyekuwa ameuona kwa macho, lakini redio ilikuwa imeueleza vya kutosha: damu ingesafishwa bure kwa wenye bima tu. Asiye nayo angeomba msamaha wa malipo kwa kamati ya wilaya, na kamati ingeamua. Mle chumbani hakuna aliyekuwa na bima. Kampuni za bima hazimpokei mtu ambaye figo zake zimekwisha kufa. Ni kumwambia mwenye njaa aje na shibe yake ndipo apewe chakula.

"Kila msemaji anapewa dakika mbili," Mwalimu alisema. "Nimejipima kwa saa ile pale. Ukisema kwa utulivu, dakika mbili zinatosha kumaliza kila kitu. Nitanyoosha mkono mapema. Nawe Cheche nyoosha wako. Atakayepewa kipaza sauti kati yetu aseme kwa niaba ya chumba hiki: hatutaki. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

"Usianze na salamu za viongozi. Zitakula muda wote."

"Mimi si mtu wa salamu," Cheche alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Jioni ya siku hiyo Diwani alifika karakanani. Karakana ilikuwa mabati manne juu ya nguzo, kando ya barabara, na ndani yake mashine ya kuchomelea, rundo la nondo na geti la mteja lililobakia kupigwa rangi. Diwani alisimama katikati akiangalia pa kukaa, akaona kila kitu kina masizi, akaamua kubaki wima. Alikuwa na uso wa bashasha wa watu waliozoea kupigiwa kura.

"Fundi wangu! Shemeji anaendeleaje?"

"Yupo, mheshimiwa. Anaendelea na mashine."

"Namwombea sana. Kesho unakuja ukumbini?"

"Nitakuja."

"Utasema?"

"Nikipewa nafasi."

"Utapewa." Diwani alitabasamu. "Wale wageni hawamjui mtu hapa. Mwenyekiti wao atauliza nani afuate, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake. Nimeshafikiria jina lako."

Cheche aliweka chini nyundo aliyokuwa ameishika. "Unataka niseme nini?"

"Ukweli tu. Kwamba nchi haiwezi kumbeba kila mtu. Kwamba wewe, mume wa mgonjwa, umeelewa hivyo na umekubali."

"Mbona sijaelewa?"

"Utaelewa." Diwani alisogea karibu zaidi, akashusha sauti. "Sheria hii inapita, Fundi. Usidanganyike na makelele ya redioni. Wakubwa walishakaa, wakamaliza. Kinachotafutwa huku chini ni maoni."

"Kama walishamaliza, maoni ni ya nini?"

"Sheria isiyo na maoni ya watu, mahakama inaitupa nje. Lazima ionekane mlisikilizwa. Na waheshimiwa wenyewe wana uoga wao, kura haziko mbali. Wakisikia mitaa imechacha, wengine watarudi nyuma. Wakisikia mitaa imetulia, watapiga meza. Sasa ukisimama wewe, ambaye mkeo yuko kitandani, nani atakuwa na mdomo wa kukupinga?"

"Na mke wangu?"

"Hapo ndipo ninapokuja kama ndugu. Kamati ya msamaha ya wilaya, mwenyekiti wake nitakuwa mimi. Mashine ni nne, waombaji watakuwa utitiri. Sitaki siku hiyo wenzangu waniulize: huyu mama tunayemsamehe, si ndiye ambaye mumewe alituvua nguo mbele ya Bunge? Nitawajibu nini?" Alimpangusa Cheche vumbi begani, kwa upole kabisa. "Fikiria. Sikulazimishi."

Gari lake lilipoondoka Cheche alibaki amesimama palepale. Alimchukia yule mtu. Chuki yote ile haikumsaidia kitu, kwa sababu kila alipojaribu kuipanga kesho yake aliuona ule unyayo mkononi mwake ukiwa wa baridi. Akaanza kujipigia hesabu za kujifariji. Ukumbi utajaa. Watu wengi watasema hapana, Mwalimu atasema hapana, tena kwa Kiswahili cha kunyooka. Sauti moja ya fundi wa mageti itapotelea humo humo. Nani ataikumbuka? Mkewe alipomuuliza usiku huo mbona hali, alisema amekula karakanani.

Ukumbi ulijaa kweli. Safu za mbele zilikaliwa na vijana wenye fulana mpya zinazofanana, waliokuwa wamefika kabla mlango haujafunguliwa. Mezani walikaa wabunge, chupa za maji mbele yao, na Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Cheche alitamani awe mkali. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Tumekuja kusikiliza," Mwenyekiti alisema. "Bunge ni lenu. Msituogope."

Alisimama mwenye duka la dawa akaunga mkono. Alisimama mama anayeuza mboga sokoni, akasema watu watakufa, akalia kidogo, akajipangusa. Mwenyekiti alimsubiri kwa subira mpaka alipomaliza.

"Pole sana mama. Sasa ungependa kifungu kipi kirekebishwe?"

"Kifungu?"

"Ndiyo. Katika muswada."

Mama alitazama huku na huku. "Mimi sijauona huo muswada."

"Upo kwenye tovuti ya Bunge, mama yangu. Basi tunapokea hisia zako." Na karani aliyekuwa akiandika akapumzisha kalamu.

Muda wote huo mkono wa Mwalimu ulikuwa juu. Ulikuwa mkono wa kushoto, wenye ule mshipa uliovimba ambamo sindano za mashine huingia, na ulipochoka aliushikilia kwa mkono wa kulia chini ya kiwiko, ukaendelea kubaki juu. Mwenyekiti aliwaita watu wa kulia kwake na wa kushoto kwake. Hakumwita. Halafu Diwani akainama, akamnong'oneza, na mama yule akainua uso kwa huruma ya kweli.

"Naambiwa tunaye hapa ndugu ambaye mkewe yuko kwenye mashine za figo. Huyu ndiye hasa sheria inamgusa. Fundi, karibu."

Mwalimu aligeuka. Alipomwona ni Cheche, uso wake wote ukachanua. Akaushusha mkono wake, akaupakata mapajani, akamfanyia kwa kichwa ishara ya kwamba haya, twende.

Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko Cheche alivyodhania. Akakohoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati," alianza. "Waheshimiwa wabunge. Mheshimiwa Diwani wetu. Viongozi wa dini mliopo. Viongozi wa serikali za mitaa..."

Aliwasalimu wote. Aliwasalimu hata maofisa wasiokuwapo. Alijua macho ya Mwalimu yako wapi na hakuyatazama. Muda ukawa unamwishia mikononi, naye akawa anaombea uishe kabisa kabla hajafika mwisho wa salamu, lakini Mwenyekiti, kwa wema wake, akasema, "Usiwe na haraka, ndugu. Wewe tunakuongezea."

"Mimi naunga mkono," Cheche alisema. "Mke wangu anaumwa, ni kweli. Lakini nchi haiwezi kumbeba kila mtu. Sisi wenye wagonjwa tumekaa, tumeelewa, na tumekubali."

Vijana wa fulana walisimama wakashangilia. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Huu," alisema, "ndio uzalendo." Karani aliandika bila kupumzika. Mama wa mboga alimwangalia Cheche kama mtu aliyepotea njia akaingia nyumba isiyo yake. Mkono wa Mwalimu haukunyooka tena siku hiyo.

Nyumbani alimkuta mkewe amekaa kitandani, mgongo ukutani, na redio ya jirani ikisikika kupitia dirishani. Walikuwa wamerusha mkutano wote moja kwa moja. Cheche alivua viatu polepole, akavipanga, akavipanga tena.

"Nani alikutuma?" mkewe aliuliza.

"Hakuna aliyenituma."

"Ulisema sisi. Sisi wenye wagonjwa tumekubali. Pacha wangu alikubali lini? Yule mama wa kitanda cha mlangoni, mwanawe alikubali lini? Mimi umeniuliza lini, baba watoto?"

Akamweleza. Alimweleza Diwani alivyosimama, alivyosema, na lile neno la msamaha, na alipofika hapo akamtazama usoni kwa sababu alidhani angalau hapo angeeleweka. "Nilitaka uishi," alimalizia.

"Najua," mkewe alisema. "Hilo ndilo linaloniudhi. Ningekuwa na mume mwovu, ningejua la kumfanya." Akajilaza, akageukia ukuta. Tangu siku hiyo aliongea naye ya maji, ya dawa na ya mlango umefungwa au haujafungwa tu.

Muswada ulisomwa mara ya mwisho siku ya Ijumaa, na kwa hiyo waliusikia wakiwa kwenye mashine. Sista ndiye aliyekuwa na redio kwenye simu yake. Aliiweka juu ya kabati, akaondoka akaenda kusimama koridoni. Cheche alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, katikati ya kitanda cha mkewe na cha Mwalimu, na hapakuwa na kona ya kujificha. Waziri alizungumza vizuri. Alisema amesikia wasiwasi wa baadhi ya waheshimiwa kwamba wananchi hawako tayari.

"Mheshimiwa Spika, naomba nimnukuu mwananchi mmoja. Si msomi. Ni fundi wa kuchomelea, mtu wa jasho, ambaye mke wake, hivi tunavyozungumza, anategemea mashine hizo. Alisimama mbele ya Kamati akasema, nchi haiwezi kumbeba kila mtu, sisi wenye wagonjwa tumekaa, tumeelewa, na tumekubali. Sasa mimi najiuliza, sisi tuliomo humu ni nani hata tuwe na uchungu wa mgonjwa kuliko mumewe?"

Meza zilipigwa kwa muda mrefu. Wabunge wawili waliokuwa wameomba kuchangia walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema wameridhika. Spika akauliza wanaoafiki, wakaitikia. Akauliza wasioafiki, zikasikika sauti chache za mbali. Walioafiki wameshinda, Spika akatangaza. Ile mashine mbovu ikaanza kulia, na hakuna aliyekuja kuinyamazisha.

"Amekunukuu neno kwa neno," Mwalimu alisema. "Mimi nimesomesha watu maisha yangu yote, sijawahi kunukuliwa hata na mke wangu."

"Mwalimu, nisamehe."

"Wangepitisha tu, hata ungesema hapana."

"Kweli?"

Mwalimu alifumba macho. Damu yake ilikuwa ikienda na kurudi kwenye mirija, nyekundu iliyokolea. "Sijui," alisema. "Pengine wale wawili wasingeridhika. Pengine wangekuja na wengine. Hilo hatutalijua tena, Cheche, na wewe ndiye utakayelala nalo."

Sheria ilianza kutumika kabla mvua hazijaisha. Diwani alitimiza ahadi yake, kwa maana alikuwa mtu wa kushika neno lake: mke wa Cheche alipewa msamaha. Katika chumba kile aliyepewa alikuwa yeye peke yake. Mashine moja ilichukuliwa na mfanyabiashara mwenye bima, aliyekuja na mto wake mwenyewe na hakusalimia. Mbili zilizobaki zilifunikwa mashuka, zikangoja wenye haki wapatikane. Lakini wale wa zamani walikuja vilevile, Jumanne, na ndugu zao, kana kwamba hakuna lililobadilika. Walipozuiwa mlangoni hawakugombana. Walikaa chini koridoni. Ijumaa wakaja tena na mikeka, na safari hii hawakuondoka. Usiku walisikika wakikohoa mpaka wodi ya wazazi. Mkewe Cheche alilazimika kupita katikati yao kila alipoingia na kila alipotoka, akivuta miguu, akiomba njia, nao walimpisha.

"Hospitali inataka mlango wa nondo mwanzoni mwa korido," Diwani alisema kwenye simu. "Nimewaambia tunaye fundi wetu."

"Tafuta mwingine, mheshimiwa."

"Ningeweza. Ila nakukumbusha tu kitu kimoja. Msamaha wa shemeji haukutolewa wa moja kwa moja. Unaweza kupitiwa upya wakati wowote, na kikao ni wiki ijayo."

"Vipimo atakupa mlinzi," Diwani akaongeza, akakata.

Fremu aliitengenezea karakanani. Alichagua nondo nene, akazipanga karibu karibu kama alivyoelekezwa, na kazi ilitoka safi, maana mikono yake haikujua kuharibu hata pale ambapo yeye angependa. Siku ya kuifunga ilikuwa Jumanne. Alifika mapema na mkewe. Mkewe akatangulia ndani bila kugeuka nyuma, na muda mfupi baadaye Cheche akasikia mashine ikiwashwa.

Walinzi walikuwa wamewasogeza watu wa koridoni hadi upande wa nje wa alama iliyochorwa sakafuni kwa chaki. Walikuwa pungufu. Mama wa kitanda cha mlangoni hakuwapo, alikuwapo mwanawe tu, amekaa kwenye mkeka wake. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, viatu viko pembeni kwa sababu miguu haikuingia tena, na uso ulikuwa umevimba hata macho yakabaki mistari miwili. Pumzi yake ilisikika mpaka pale Cheche aliposimamishia fremu.

Hakuna aliyemtukana. Hilo alikuwa amejiandaa nalo, alikuwa hata amepanga la kujibu. Alichomeka waya, akakagua bawaba, akabana koleo la waya wa ardhi kwenye chuma. Korido nzima ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia fimbo ya kuchomelea ikigonga alipoiweka kwenye mkono wa mashine. Akavaa kinga ya uso, akaiacha imeinuliwa juu ya paji, akageuka.

"Jamani, geuzeni nyuso," alisema. "Moto huu unaunguza macho."

Hakuna aliyegeuka. Mtoto wa yule mama, wasichana wawili waliokuja na baba yao, mzee mwenye blanketi, wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Sitanii. Mtakesha mnalia. Fumbeni basi."

"Endelea, Fundi," mlinzi alisema. "Wameambiwa wenyewe."

"Mwalimu," Cheche aliita, na sauti ikawa ndogo. "Mwalimu, nakuomba. Geuka tu kidogo."

Mwalimu aliweka kiganja sakafuni, akajisukuma, akakaa wima kama mtu anayetaka kuona vizuri. Cheche alishusha kinga, dunia ikawa nyeusi, akagusisha fimbo kwenye bawaba ya kwanza. Mwanga ukalipuka ukaijaza korido mpaka mwisho wake. Alichomelea mpaka fimbo ikaisha, na alipoinua kinga kubadilisha nyingine walikuwa bado wanamtazama, macho wazi, machozi yakiwashuka.